Jinsi ya kuendesha klabu ya mabinti walioko shelta bila kuwapoteza njiani

Watu wengi wakiamua kusaidia mabinti wanaoishi shelta, yaani majengo ya kuwahifadhi watu wasio na makazi, swali lao la kwanza huwa "tutawafundisha nini", na mimi huwa nawajibu tulia kwanza, hilo ndo jepesi kuliko yote. Masomo yapo tele, michezo ipo, kila mtu anajua kusuka bangili za uzi. Kazi yenyewe, ile inayofanya programu idumu au ife baada ya miezi mitatu, ni nani atafungua chumba, simu ya mama ikizimwa utampataje, na binti akihamishwa jumanne usiku nani atajua kabla ya ijumaa. Huo ndo uratibu, na naandika kwa ajili ya mdada au mkaka yeyote alieshikishwa hii kazi na hajui aanzie wapi.

Nitaongelea New York maana ndo mazingira nayoyafahamu, ila ukiwa Minneapolis au Toronto utabadilisha majina ya ofisi tu, mengine ni yale yale.

Kwanza uelewe hao watoto wako wapi. Tangu 1981 jiji la New York limefungwa na makubaliano ya mahakamani kwamba mtu asie na pa kulala apewe pa kulala, ilianza na wanaume walio peke yao, baadae ikasogea mpaka kwa wanawake na familia zenye watoto. Ndo maana huku mama mwenye watoto wanne huwezi kumuona kirahisi barabarani, yuko ndani ya jengo ambalo ukipita nje unadhani ni hoteli ya kawaida, na mara nyingi kweli ni hoteli, jiji limekodi. Mwaka wa shule wa 2023 hadi 2024 wanafunzi zaidi ya 146,000 wa jiji hili walihesabiwa kuwa hawana makazi ya kudumu. Ndani ya hiyo hesabu wengi wamebanana kwa ndugu na marafiki, hawako shelta. Najua kwetu kubanana kwa shangazi hakuitwi kukosa makazi, ni kuishi kwa shangazi tu, lakini sheria ya Marekani inawahesabu hao pia, na ukitengeneza programu yako vizuri na wao wanaweza kuingia.

Mfano ambao kila mtu anaunukuu ni Troop 6000, kikundi cha Girl Scouts (skauti wa kike) wa New York. Aliianzisha Giselle Burgess mwaka 2017, mama anaelea watoto peke yake, nyumba aliyokuwa amepanga iliuzwa akajikuta na wanae kwenye hoteli moja ya Queens iliyogeuzwa shelta, na wakati huo huo alikuwa mfanyakazi wa hao hao Girl Scouts. Akaanza na mabinti wanane, wakiwemo wa kwake, kwenye chumba cha kupatia chai asubuhi. Mwaka huo huo jiji likaweka zaidi ya dola milioni 1 ili ipelekwe shelta nyingine. Mimi kilichonivutia pale sio ile stori ya kugusa moyo bali ni kitu kidogo cha kiutaratibu ambacho watu wanakipita. Kwa kawaida kikundi cha skauti kina mtaa wake, ukihama mtaa unaacha kikundi unatafuta kingine. Hawa wakafanya namba moja, 6000, kwa shelta zote. Binti akihamishwa kutoka Queens kwenda Bronx anabaki 6000, namba iliyoshonwa kwenye kizibao chake haibadiliki, anaingia tu kwenye kikao cha kule. Yaani kikundi ndo kinamfuata mtoto. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu nachoenda kusema, maana vingine vyote ni jinsi ya kufanya hilo liwezekane kwa vitendo.

Mlango kwanza

Huwezi kuingia shelta kwa sababu una nia njema. Jengo lina ngazi zake. Juu kabisa ni idara ya jiji inayoshughulikia wasio na makazi, chini yake kuna shirika lenye mkataba wa kuendesha jengo, ndani ya jengo kuna mkurugenzi, kuna maofisa wanaofuatilia familia moja moja, alafu kuna walinzi pale chini. Watu wengi wakishapata barua kutoka juu wanadhani wamemaliza. Hapana. Barua inakupa ruhusa ila mlinzi ndo anakupa njia, na mlinzi wa jumatatu sio wa ijumaa, wanabadilishana zamu na huyu wa leo hana habari na mliyoongea na bosi wake mwezi uliopita. Kwaiyo kila wiki, siku moja kabla, tuma karatasi ya majina ya watu wako watakaoingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na chumba gani, iende kwa mkurugenzi na nakala ibaki mezani pale chini. Kila wiki, hata kama ni majina yale yale. Na salamu jamani, salimia walinzi, ulizia hali, jua majina yao, hivi vitu vya kwetu vya kusalimiana vizuri kabla ya kusema shida huku vinafungua milango kuliko kitambulisho.

Tafuta pia mtu mmoja ndani ya jengo awe wako, mara nyingi ni ofisa wa burudani za watoto au mmoja wa hao wanaofuatilia familia. Sio mkurugenzi, mkurugenzi ana moto wa kuzima kila saa. Huyo wa kwako ndo atakuambia familia mbili mpya zimeingia zina mabinti, au leo lifti imekufa usilete meza.

Chumba chenyewe usitegemee makubwa. Hoteli haikujengwa iwe na ukumbi wa watoto, utapewa sehemu ya chai ya asubuhi, korido, au chumba cha chini chenye mabomba yanayopiga kelele. Kabla hujakubali nenda ukakione saa ile ile utakayokitumia, sio saa nne asubuhi kukiwa kimya. Angalia kama kuna mlango unaofungika, choo kiko umbali gani, na kama wanaume wasiohusika wanapita katikati. Kama wanapita, omba pengine, na usione aibu kung'ang'ania hilo.

Muda nao una hesabu zake. Kuna sheria ya mwaka 1987, McKinney-Vento, inampa mtoto asie na makazi haki ya kubaki kwenye shule yake ya zamani hata familia ikihamishwa mbali, na usafiri apewe. Ni sheria nzuri sana ila maana yake ni kwamba binti analala Bronx anasoma Brooklyn, anaamka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Ukipanga kikao saa kumi jioni utapata wale wanaosoma karibu tu, alafu uanze kulalamika kwamba watoto hawana mwamko. Saa kumi na mbili hivi jioni ndo inafanya kazi, ila hapo unagongana na chakula. Shelta nyingi chakula kina dirisha lake, likifungwa limefungwa. Kwaiyo uliza kwanza saa za chakula, uweke kikao kabla au baada, au uombe sahani za mabinti ziletwe ndani ya kikao. Mtoto asiwekwe kwenye kuchagua kati ya kula na klabu, atachagua kula na yuko sahihi. Ukishapata siku na saa usibadilishe, shelta zako zote ziwe siku moja saa moja ikiwezekana, ili binti akihamishwa asijifunze ratiba mpya.

Daftari

Hapa ndo nakaa sana maana hapa ndo programu nyingi zinafia.

Unahitaji daftari moja tu la mabinti wote wa sehemu zote. Sio kila kiongozi wa shelta na faili lake kwenye laptop yake, hapana, faili moja, lenye nywila, watu wachache wenye ruhusa. Ndani yake weka jina analopenda kuitwa, tarehe ya kuzaliwa, shule, aleji na dawa, lugha ya nyumbani, nani anaruhusiwa kumchukua, beji alizopata, saizi ya kizibao. Beji na saizi watu wanaziona ni mapambo lakini familia zikihamishwa haraka vitu vinapotea, mara nyingi wanaambiwa wafungashe mifuko michache waondoke, kizibao kinabaki nyuma. Kama umeandika alichopata unaweza kumpa kingine kimeshonwa kila kitu, na sijaona zawadi inayomzidi hiyo mtoto ambae kila kitu chake kinapotea potea.

Simu za kina mama zinabadilika kila mara, leo ina hela ya mwezi kesho haina. Chukua namba yake, alafu chukua na ya mtu wa pili asiekaa shelta, bibi, shangazi, rafiki wa kanisani, mtu ambae hata mama akihama atajua alipo. Uliza pia kama anatumia WhatsApp, maana WhatsApp inapokea kwa wifi hata kama laini imefungwa, na wengi wakizimiwa laini ndo njia pekee iliyobaki. Shule nayo usiiache. Kwa hawa watoto shule mara nyingi ndo kitu kinachohama mwisho, kwaiyo mtu wa shule anaeshughulikia wanafunzi wasio na makazi, na kila shule ina wa kumuuliza, ni mtu wa kumjua kwa jina.

Usichoandika ni muhimu vile vile. Sababu ya kukosa nyumba usiiulize, haikuhusu, haibadilishi kikao chako hata kidogo. Mama akikusimulia mwenyewe sikiliza, usiandike. Na jina la shelta lisikae sehemu moja na jina la mtoto kwenye karatasi yoyote inayozunguka, iwe ya mahudhurio, ya basi, au orodha ya picha, tumieni herufi za siri kama A, B, C badala ya jina la jengo. Kuna akina mama wamekimbia waume wanaowapiga, na shelta za watu waliokimbia ukatili wa nyumbani New York ziko chini ya utaratibu tofauti kabisa, anwani zake ni siri. Binti wa kule anaweza akawa kwenye klabu yako ya shelta ya kawaida miezi michache baadae na baba yake bado anamtafuta. Picha moja mtandaoni yenye bango la hoteli nyuma imetosha kumleta.

Kwaiyo sera ya picha: fomu ya ruhusa ya picha iwe peke yake, isifungwe pamoja na ya kujiunga, mama aweze kusema hapana na mtoto aendelee kama kawaida. Na hata aliesema ndio, usipige nje ya jengo. Wafadhili watakuomba picha za nyuso zenye huzuni, wape picha za mikono inayofanya kazi, wataishi tu.

Familia ikihama

Familia inapoomba shelta inaanzia ofisi moja iliyopo Bronx, inapewa mahali kwa muda hadi siku 10 wakati wanachunguzwa kama kweli hawana pengine pa kwenda. Wakikataliwa wanaomba upya na wanaweza kupelekwa jengo lingine kabisa. Alafu wakikubaliwa bado wanaweza kuhamishwa, kwa sababu za ukarabati, ukubwa wa familia, mkataba wa hoteli kuisha. Na kuanzia januari 2024 familia za wahamiaji wapya kwenye baadhi ya hoteli walianza kupewa notisi za siku 60, zilipoisha walitakiwa kutoka na kuomba upya, katikati ya mwaka wa shule. Unaona sasa kwa nini nasema binti kupotea ndo tatizo namba moja.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kila baada ya kikao kiongozi anakutumia mahudhurio usiku huo huo, sio kesho. Asubuhi unalinganisha na wiki iliyopita. Binti aliekosa mara moja anapigiwa simu ya salamu, "tumekukosa jana, mko salama?", kwa sauti ya kirafiki isiyo ya mahakamani. Ukikuta wamehama, mambo unayohitaji kwa mama ni machache, mko upande gani wa jiji sasa (sio anwani, upande tu), binti bado anataka, na siku zenu za nafasi zikoje. Hapo unaangalia kikao kilicho karibu, unamwandikia kiongozi wa kule ujumbe mfupi: anakuja binti fulani, miaka kumi, anapenda kuchora, ana aleji ya karanga, beji zake ni hizi. Kiongozi wa kule anampigia mama KABLA ya siku ya kikao. Binti akiingia mlangoni aitwe kwa jina lake na akute kiti. Asisimame mbele ya watu kujitambulisha kama mgeni, ameshajitambulisha vya kutosha maishani mwake.

Kama huko alikopelekwa huna kikao, usimfute. Mpe nafasi ya mtandaoni au umlipie nauli arudi kwenye cha zamani. Nauli sio tatizo kubwa siku hizi kwa wanafunzi, tangu septemba 2024 wanapewa kadi za OMNY, za kulipia treni na basi za jiji, zenye safari nne za bure kwa siku, saa yoyote, mwaka mzima hata likizo. Anaelipa ni mama anaemsindikiza, kwaiyo kwenye bajeti yako weka nauli ya mama kwanza. Wadogo wasiozidi inchi 44 wanapita bure na mtu mzima aliyelipa, mpaka watatu kwa mtu mzima mmoja, na hiyo ni hesabu nzuri ukiwa na wadogo zao wanaobebwa kila mahali. Na wadogo zao watakuja tu, hilo jiandae, weka kona yao na karatasi na kalamu za rangi, kwa sababu binti wa miaka 12 mwenye kumlea mdogo wake akiambiwa klabu ni ya kwako tu mdogo hapana, hatakuja yeye wala mdogo.

Kuna kuhama kwingine ambako kila mtu anashangilia, familia imepata nyumba. Asante Mungu, kweli. Ila binti kwa siku moja anapoteza wenzake wote wanaomuelewa, anaenda mtaa ambao hajui mtu, na programu nyingi hapo ndo zinamwambia kwaheri kwa sababu kwenye karatasi sio wa shelta tena. Troop 6000 waliliona wakatengeneza mpango wa kuendelea na waliohama kwenda makazi ya kudumu. Na wewe andika hivyo kwenye maombi ya hela tangu mwanzo, kwamba binti anabaki wa kwetu angalau mwaka mmoja baada ya kupata nyumba. Ukiomba baadae mfadhili atakuambia hao sio walengwa.

Watu wako

Kikao kiwe na watu wazima wawili kila mara, wasio ndugu, angalau mmoja mwanamke, na hakuna mtu mzima anaebaki peke yake na mtoto hata kwa dakika ya kwenda kuchukua maji. Mmoja akiumwa na hujapata mbadala, kikao kinafutwa. Inauma ila unafuta, na ndo maana uwe na watu wawili wa akiba ambao wameshachukuliwa alama za vidole na kukaguliwa rekodi mapema, maana hayo yanachukua wiki kadhaa huwezi kuyafanya ijumaa mchana.

Viongozi bora, nasema hili bila kusita, ni akina mama wenyewe wanaoishi pale. Wanajua nani hajala, nani kagombana na mama yake, wanajua kupanda juu kugonga mlango. Wape mafunzo yale yale wanayopata wengine na uwalipe kama unaweza, tena kabla hujawalipa muulize mama na ofisa wake kama hiyo hela haitaharibu misaada anayopokea, maana kipato kikiongezeka kidogo kuna misaada inapungua na unaweza kumdhuru ukidhani unamwinua. Tatizo ni kwamba na wao wanahama. Kwaiyo kila mama kiongozi aunganishwe na kiongozi wa nje ya shelta, ili mmoja akiondoka kikao kisife. Wanafunzi wa chuo wanaojitolea ni wazuri na wana nguvu ila desemba na mei wanapotea wote kwa mitihani, panga hivyo usije ukashtuka.

Jambo zito ni la kuripoti. Sheria ya New York inawalazimu watu wa kazi fulani, walimu, wafanyakazi wa ustawi na wengineo, wakiwa na sababu ya kushuku mtoto anadhuriwa wapige simu ya jimbo hapo hapo na ndani ya saa 48 wawe wameandika. Hakikisha kila mtu wako anajua yumo kwenye hiyo orodha au hayumo, na kwamba ambae hayumo anamwambia nani. Na akina mama waambiwe siku ya kwanza, uso kwa uso, kwa lugha yao. Wengi wanaogopa kuliko kitu chochote kunyang'anywa watoto na hiyo hofu haijatoka hewani. Ukiwaambia mapema kwamba haya ndo tunalazimika kuripoti, na umaskini wenyewe, nguo chafu au kukosa chumba sio kitu cha kuripoti, wataweza kukuamini. Wakija kugundua wenyewe baadae klabu imekwisha, habari itapanda ghorofa zote kabla hujafika kwenye treni.

Lugha sasa. Kispanyola utakihitaji karibu kila mahali, alafu Kifaransa, Kiwolofu, Kiarabu, Kikrioli cha Haiti. Kiswahili New York ni mara chache ila usiseme hakipo, na miji mingine ni hadithi tofauti kabisa, Portland ya kule Maine mwaka 2019 walifika mamia ya watu kwa mkupuo, wengi Wakongomani na Waangola, mpaka uwanja wa michezo wa ndani ukageuzwa kuwa pa kulala. Kwenye hali kama hiyo wewe unaeongea Kiswahili ni mali. Ila kuwa mkali kwenye jambo moja, binti asitumike kumtafsiria mama yake fomu wala habari nzito. Sio kazi yake, na kuna vitu mama hatavisema mbele ya mwanae, kwaiyo utapata majibu nusu.

Vitu, chakula, safari

Usihifadhi kitu shelta. Kabati utakaloahidiwa litapewa mtu mwingine. Kila kikao kiwe na begi moja la magurudumu lenye kila kitu, na orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, anaefunga anahesabu. Kizibao, beji, ada ya uanachama, vyote bure kwa wote bila kuuliza nani ana uwezo, usifungue mlango wa kumtofautisha mtu. Chagua shughuli zisizohitaji jiko wala printa wala "kamalizie nyumbani", vyumba vingi vya hoteli havina jiko na rafiki haruhusiwi kupanda chumbani. Pedi ziwe ndani ya begi wakati wote, mahali ambapo binti anachukua mwenyewe bila kuomba.

Chakula leta kilichofungwa chenye maandishi ya viungo, bila karanga, na bila nguruwe ili usianze kuuliza dini za watu.

Safari ndo zinazopendwa na ndo zenye mitego. Kwenye shelta za familia mtoto haruhusiwi kukaa bila mzazi, kwaiyo huwezi kurudisha kundi saa kumi na moja ukawaacha mapokezi wakati mama mmoja anatoka kazini saa moja. Kila mtoto akabidhiwe kwa mzazi wake au aliyeandikwa, kwa saini, na muda wa kurudi upangwe kufuata mama anaechelewa zaidi huku ukiwa chini ya saa ya mwisho ya kuingia ya jengo. Ratiba za makumbusho zije baada ya hapo. Ukilala nje, kambi ya kiangazi kwa mfano, shelta inahitaji kujua kwa maandishi mtoto fulani hatakuwepo usiku gani mpaka gani, la sivyo kitanda kinaonekana kitupu na familia inaweza kuingia kwenye matatizo kwa ajili ya kambi yako. Hiyo barua iandike wewe, usimtume mama. Na usitume orodha ya vitu vya kuja navyo, begi la kulalia, tochi, viatu vya matope. Mkabidhi begi limeshapangwa.

Kuhusu kuuza biskuti, maana kwa Girl Scouts hiyo ndo shughuli yenyewe. Watoto wengine wanauza kwa majirani na baba anapeleka fomu ofisini kwake. Mabinti wa shelta hawana mtaa wa kugonga milango na hakuna anaeleta wateja kwenye jengo lao. Kwaiyo wewe mratibu unawatafutia meza, mahali penye watu wengi. Troop 6000 walipofanya mara ya kwanza aprili 2018, kwenye mkahawa mmoja pale Union Square, walilenga maboksi 6,000 wakauza zaidi ya 32,000, foleni ilikuwa mpaka nje. Usiwabebeshe bango la kusema ni watoto wasio na nyumba, jina la kikundi linatosha na ambae hajui anunue kwa sababu biskuti ni tamu. Hela taslimu isirudi shelta na mtoto wala na mama, inaishia mikononi mwa watu wazima wawili, inahesabiwa pale pale, inaenda benki. Alafu itumikeje waamue mabinti kwa kura, hata wakichagua kitu ambacho wewe unakiona cha ajabu.

Ripoti za wafadhili usiziache mpaka mwezi wa mwisho. Watakuuliza umehudumia wangapi, na kwa kuwa binti mmoja anaweza kuonekana shelta tatu kwa mwaka, ukijumlisha karatasi za kila jengo utampa hesabu ya watu watatu. Ndo faida nyingine ya daftari moja lenye namba moja kwa kila binti. Ongeza na hesabu moja ambayo hawaiulizi mara nyingi, katika waliohama mwaka huu wangapi bado wako nasi. Mimi ningeambiwa nichague namba moja tu ya kuonyesha kama programu iko hai ningechagua hiyo, mahudhurio ya siku moja moja yanadanganya sana, mvua ikinyesha yanashuka, kukiwa na piza yanapanda.

Mwisho kwenye orodha yangu ni faili la kukabidhi. Waratibu wa hii kazi hawakai sana, mishahara midogo, simu usiku. Andika kurasa mbili tatu kwa kila jengo, nani ana funguo, mlinzi yupi wa zamu ya jioni anaitwa nani, dirisha la chakula saa ngapi, chumba kipi kina soketi inayofanya kazi, mama yupi ni wa kupigiwa kwanza, na ulisasishe kila mwisho wa mwezi hata kama hufikirii kuondoka. Majina ya mabinti yasiwemo humo, yabaki kwenye daftari.